Miaka ya Theluji

Huku Eldoret, mita 2,100 hivi juu ya bahari, weupe hutujia na kuondoka jioni hiyohiyo. Mvua ya mawe huishukia ngano ya Moiben, au malisho ya Timboroa, watoto wakatoka na mabakuli. Halafu jua huchomoza, ardhi ikarudi nyeusi. Majira ya theluji hatuna. Tuna milima iliyo mbali, Kirinyaga (Mlima Kenya) na Kilimanjaro, ambako zamani miaka ya theluji ilifuatana, mmoja ukalala juu ya mwenzake, hata ikawa barafu.

Nani aliifuatanisha miaka ile?

Wanasayansi hutuelekeza baharini. Bahari ya Hindi ikipata joto upande wetu na kupoa upande wa Sumatra, mawingu huja huku yamejaa: mvua mabondeni, theluji vileleni. Ilikuwa hivyo mwaka 1961, ikawa hivyo 1997, na tena 2019.

Stefan Hastenrath, aliyeichunguza barafu ya Kirinyaga kwa miongo mingi, aliona kwamba karibu na mwaka 1880 mambo yaligeuka. Mvua zikapungua, Ziwa Viktoria likashuka, barafu ikaanza kukonda. Basi mmisionari Rebmann alipouona weupe wa Kilimanjaro mwaka 1848, na wasomi wa London wakamkatalia, alikuwa akitazama akiba iliyowekwa na miaka asiyoijua. Mwaka 1912 akiba hiyo ilitandaa kilometa 12 za mraba. Kufikia 2011 hazikutimia hata mbili.

Kama barafu ilikuwa salio la bahati, tunaomboleza nini? Bahati kuisha? Mbona basi moyo unauma kana kwamba tumeibiwa? Labda kwa sababu ukame wa karne ile hauelezi yote. Hewa yenyewe imepata joto, nao moshi wa binadamu, mwingi wake wa nchi za mbali, umo ndani yake. Theluji ya siku hizi huanguka pale pale ilipoangukia ya kale, lakini haikai.

Marehemu baba aliikumbuka mvua ya 1961. Njia zilikatika, ng'ombe wakakwama matopeni. Hakuwahi kuniambia lolote kuhusu theluji. Nani angeinua macho kuwaza vilele, maji yakiwa mlangoni?

Hapo ndipo fikra zangu hukwama. Novemba 2019 bahari ilitupa tena mwaka wa aina ile, na usiku mmoja milima ya Pokot Magharibi, kaskazini kwetu, iliporomoka juu ya nyumba. Zaidi ya watu 40 walikufa. Maji yanayoujaza mlima barafu ndiyo hayohayo yaliyowafukia wale waliokuwa wamelala.

Nikitamani miaka ya theluji irudi, ninawatamania nini watu wa mabondeni? Nisipotamani, nimeuacha mlima uishe. Nimekaa na maswali haya mawili tangu Novemba ile, na hakuna hata moja lililokubali kumpisha mwenzake.