Mwacha Asili

Katika sensa ya Agosti 2022, kijana mmoja alifika barazani kwangu hapa Pangani akiwa na kishikwambi mkononi. Alinipa shikamoo, nikamkaribisha kiti, akaanza kazi yake. Aliniuliza umri, elimu, kazi niliyowahi kufanya, ulemavu, maji, choo, hata paa la nyumba. Alipomaliza alishukuru, akaenda nyumba ya pili. Mjukuu wangu, aliyekuwa ameketi mkekani akisikiliza kila neno, akaniuliza, "Babu, mbona hakukuuliza kabila lako?" Nikamjibu kwamba siku hizi sensa haiulizi kabila. Akasema, "Na angekuuliza, ungesemaje?"

Nilimwambia akaniletee maji ya kunywa. Ndugu msomaji, mwalimu akikosa jibu humtafutia mwanafunzi kazi ya kufanya.

Mji wetu ni mdogo. Uko upande mmoja wa mlango wa mto. Upande wa pili ni Bweni, na kati yake ni kivuko. Mtu anaweza kuuzunguka mji mzima kwa miguu kabla chai yake haijapoa. Hata hivyo, watu waliojaa katika vichochoro vyake wametoka mbali. Wako Wazigua na Wabondei wa upande wa bara, na Wasegeju na Wadigo wa pwani ya kaskazini. Wako wenye asili ya Oman, ambao wazee wao walikuwa na mashamba ya miwa kando ya mto, na wako wajukuu wa watu walioletwa kwa nguvu kuilima miwa hiyo. Nilipokuwa mtoto, maduka yalikuwa ya Wahindi, na katika mtaa wetu aliishi Mngazija mmoja na mzee mmoja Mbulushi ambaye hakuna aliyejua umri wake.

Kisha ukaja mkonge. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida. Iliyofika hai ni 62 tu, ikapandwa Kikogwe, karibu na mji huu. Kutokana na miche hiyo 62 mashamba yalienea, hata mwanzoni mwa miaka ya sitini Tanganyika ikaongoza duniani kwa mkonge. Mashamba yalitaka watu. Wakaja Wabena, Waha, Wanyamwezi, Warundi, na Wamakonde kutoka Msumbiji. Tangu mwaka 1944 wengi waliandikishwa na ofisi ya wenye mashamba iliyoitwa SILABU. Kambini kila mmoja alikuwa na namba yake, ndipo wakaitwa manamba. Sisi watoto wa mjini tulilitamka neno hilo kama tunavyotamka Mzigua au Mdigo. Tulidhani ni kabila.

Serikali ya kikoloni nayo ilikuwa na namna yake ya kutupanga. Katika sensa za mwaka 1948 na 1957, Waafrika walihesabiwa siku yao, na Wazungu, Wahindi na Waarabu wakahesabiwa siku nyingine. Jirani yetu mmoja, baba yake Mwarabu na mama yake Mzigua, alipenda kutuchekesha kwamba mwaka ule wa 1957 alihesabiwa mara mbili, na kodi akalipa mara moja.

Tukapata uhuru, na ikaja sensa ya Agosti 1967. Hiyo ndiyo ya mwisho kuuliza kabila katika nchi yetu. Mimi nilikuwa na miaka kumi na sita, niko nyumbani likizo. Karani wa mtaa wetu alikuwa mwalimu aliyenifundisha kusoma, akaniomba nimshikie taa ya chemli na kumwonyesha milango. Usiku ule nilijifunza mambo ambayo hayakuwamo katika kitabu chochote cha jiografia.

Kwa jirani yetu yule, jibu lilikuwa "Mwarabu." Nyumba ya tatu kutoka kwake aliishi ndugu yake wa tumbo moja, ila baba yake mwingine. Yeye alijibu "Mzigua." Mbele kidogo tulimkuta mzee aliyestaafu kazi ya mkonge. Karani alipomuuliza kabila, alitaja kwanza namba yake ya kambini, kisha akacheka peke yake, akasema Muha. Mwalimu aliandika yote bila kuinua uso.

Nyumba ya mwisho ilikuwa yetu. Bibi yangu, mzaa baba, alikuwa ameketi kitandani akisuka ukili. "Kabila, mama?" Akajibu, "Mswahili." Mwalimu akasema kwa upole, "Mswahili wa wapi, mama?" Akasema, "Wa hapa." Kalamu ilisimama. Kutoka ukumbini jirani mmoja wa kike alikohoa, kikohozi kisicho cha kifua. Ndipo bibi akasema haraka, "Andika Mzigua, kama marehemu mume wangu." Mwalimu akaandika Mzigua.

Usiku uleule nilimuuliza. Alinyamaza mpaka nikadhani amelala. Kisha akanieleza kwamba mama yake aliletwa angali msichana mdogo, kwa miguu, kutoka pande za Nyasa, akauzwa kwa mwenye shamba la miwa. Bibi alizaliwa shambani humo. Mtu wa namna hiyo, mjini kwetu, aliitwa mzalia. Utumwa ulifutwa kwa sheria mwaka 1922, lakini neno hilo halikufutwa. Lilibaki likisemwa kwa sauti ya chini, hasa zamu ya posa ilipofika. Ndipo nikaelewa kwa nini uchumba wa shangazi yangu ulivunjika ghafla, baada ya wazee wa upande wa pili kuja kunywa kahawa na kuuliza maswali mawili matatu. Bibi aliniambia kwamba mama yake hakumwachia hata jina la kijiji. Alimwachia wimbo wa kubembelezea mtoto, ambao maneno yake hakuna mtu Pangani aliyeyaelewa, wala yeye mwenyewe.

"Usimwambie mtu," alisema. Sikumwambia mtu.

Nikaenda chuo cha ualimu, nikafunza miaka mingi, na hatimaye nikapewa shule niiongoze. Katika kufundisha methali, moja niliyoipenda ilikuwa ile isemayo mwacha asili ni mtumwa. Niliiandika ubaoni mara nyingi kwa hati nzuri. Leo najiuliza ilikuwaje mkono wangu usitetemeke.

Mwaka 1985 daftari la shule yetu lilikuwa na safu ya kabila. Hakuna aliyeniagiza kuiweka. Niliichora mwenyewe kwa rula, kwa sababu nilipenda daftari lililokamilika. Siku ya kuandikisha nilimwita kila mwanafunzi mbele. Msichana mmoja, baba yake akiwa mfanyakazi wa zamani wa shamba la mkonge, alipoulizwa kabila akajibu, "Pangani, mwalimu." Nikamwambia Pangani ni mji, si kabila. Akarudia, "Pangani." Darasa likaanza kucheka. Badala ya kulinyamazisha, nilimgeuzia uso kuelekea ubaoni, nikamwambia asome methali ile kwa sauti. Aliisoma. Waliokuwa wakicheka wakazidi.

Kesho yake asubuhi baba yake alikuja ofisini. Alivua kofia, akakataa kiti. Alisema, "Mwalimu, mimi nimekuja mji huu na kipande na namba. Wazazi wangu walifariki mimi niko kwenye mkonge, barua ikanifikia baada ya mwaka. Mama wa mtoto ni wa hapa. Mtoto amezaliwa hapa, na akifa atazikwa hapa. Ulitaka akuandikie nini?"

Msomaji atadhani nilimwambia habari ya bibi yangu. Sikumwambia. Nilimwomba radhi, nikamfungulia daftari, nikaandika Pangani mbele ya macho yake. Akaridhika, akaenda zake. Mwaka uliofuata sikuichora tena safu ile. Lakini binti alichekwa mbele ya darasa, na mimi niliomba radhi nyuma ya mlango uliofungwa. Hayo mawili hayalingani uzito, na niliyajua hayo tangu siku ileile.

Wenzangu wastaafu hubishana barazani kuhusu jambo hili. Wako wasemao kwamba Serikali ilikosea kuacha kuhesabu makabila, kwa kuwa taifa linapaswa kujijua. Wengine husema iliponya nchi. Mimi nimeshika taa ya chemli, nimeona majibu yalivyokuwa yakipatikana. Karani aliondoka na karatasi zenye Mzigua, Mwarabu na Muha, na huko zilikokwenda zikajumlishwa. Lakini alichokichukua kwetu usiku ule hakikuwa asili ya bibi yangu. Kilikuwa hofu yake, iliyoandikwa kwa wino. Naamini nchi yetu ilifanya vyema kuacha kuuliza. Hata hivyo, wanaposhika posa, watu bado huuliza "ni mtu wa wapi huyu?" Swali lilitoka kwenye karatasi, likabaki barazani.

Na ile methali? Siidharau, maana wahenga hawakuitunga kwa ajili ya kumwumiza bibi. Ila kwake mambo yalikwenda kinyume. Hakuwa mtumwa kwa kuwa aliiacha asili. Mama yake alifanywa mtumwa kwanza, ndipo asili ikanyang'anywa. Kumwambia mtu kama huyo ataje kwao ni kumdai mali iliyoibwa kwake.

Mjukuu wangu alirudi na maji. Nikanywa, kisha nikamwambia yote: Wazigua wa upande wa babu yangu, Wabondei wa upande wa mama yangu, na yule msichana wa Nyasa ambaye jina la kijiji chake limepotea. Alisikiliza, akauliza kama wimbo ule naukumbuka. Naukumbuka. Nilimwimbia, naye akajaribu kuufuata, maneno yakimpotea ulimini kama yalivyonipotea mimi.

Binti yule sasa ni mama mtu mzima. Nilimsikia mara ya mwisho kwamba yuko Tanga na watoto wake. Darasa lililomcheka limetawanyika, siwezi kuliita tena ndani ya chumba kile. Kwa hiyo nayaandika hapa, mbele ya kila atakayesoma: binti yangu, jibu lako lilikuwa sahihi. Aliyekosea ni mwalimu.