Diski Mbili na Sauti ya Bibi

Kompyuta yetu ni ya mwaka 2010. Ami alituachia alipohamia Nairobi, na tangu hapo imekaa juu ya meza ya sebuleni ikitumiwa na kila mwenye haja: mama na hesabu zake za chama, mdogo wetu na masomo yake, nasi wengine kwa mengine. Mwaka huu ilifikia hali ya kuwashwa kabla chai haijatengwa. Chai ikanywewa, vikombe vikaoshwa, nayo ingali inazungusha kiduara chake. Tuliizoea hivyo. Kilichotushtua ni mlio. Diski ilianza kugonga ndani kwa ndani, mfano wa mtu abishaye hodi kwa ukucha.

Humo mna sauti ya bibi. Tulimrekodi miezi michache kabla hajafariki, saa tatu na ushei, akisimulia Lamu ya utoto wake na kututajia nasaba yetu jina baada ya jina. Nakala ya pili hatukuwa nayo, na kwa hilo hatuna wa kumlaumu ila nafsi zetu. Usiku ule ule tuliihamishia kwenye flashi, huku kila mmoja akiutegea sikio ule mlio.

Fundi alitushauri tutie diski ya SSD, isiyo na sahani ya kuzunguka. Mfuko wetu uliruhusu mbili tu, zote za gigabaiti 480: Kingston A400 na Crucial BX500. Hapo nyumba ikagawanyika. Kaka alishikilia Crucial, kwa kuwa imeandikiwa kusoma megabaiti 540 kwa sekunde, na mwenziwe 500. Dada akamjibu kuwa Kingston imeandikiwa kustahimili terabaiti 160 za kuandikwa, na ile ya kaka 120. Mabishano yakapita Isha. Baba, aliyekuwa kimya muda wote, akauliza: "Na hii kompyuta yenyewe yaweza kupokea kiasi gani?"

Hakuna aliyekuwa na jibu. Tulipotafuta, tuliona kuwa yetu ina njia ya SATA ya kizazi cha pili, ya gigabiti 3 kwa sekunde, ambayo haipitishi zaidi ya megabaiti 300 hivi. Basi hiyo 540 na hiyo 500 zote zingesimama mlangoni zikingoja. Na ustahimilivu je? Lau tungeandika gigabaiti 20 kila siku, nasi hatukaribii hapo, terabaiti 120 zingetuchukua zaidi ya miaka 16. Zote mbili hazina kumbukumbu ya DRAM, kwa hivyo si za kutegemewa kwa kazi nzito. Zote zina dhamana ya miaka 3. Tuliona haya kidogo kwa sauti tulizopaaza.

Kilichoamua ni risiti. Duka moja la mjini lilikuwa na Crucial kwa bei pungufu ya shilingi 400, lakini muuzaji alitaka tuichukue bila boksi wala karatasi yoyote, na dhamana isiyo na karatasi ni maneno matupu. La pili lilituandikia risiti yenye namba ya diski na kutuachia tuijaribu pale pale. Tukachukua Kingston. Lau risiti ingekuwa upande wa pili, tungechukua Crucial bila kujuta, na kaka hukumbusha hivyo kila apatapo nafasi.

Sasa kompyuta huwaka mama hajamaliza kumimina chai. Hata hivyo hatukuiamini SSD peke yake, kwani nayo ikifa huweza kufa bila kubisha hodi. Tulinunua flashi ya pili, tukaijaza sauti ya bibi na kumpelekea shangazi Malindi, ili nakala isikae chini ya paa moja.

Juzi alitupigia simu. Amesikiliza yote, alia alilie, kisha akatwambia kuwa katika ile nasaba bibi ameruka jina moja.