Njia ya Kwenda Mahameni

Kijiji kilichohamwa Kiswahili hukiita mahame. Nalipenda neno hilo kwa sababu kitenzi bado kinasikika ndani yake: watu walihama. Au tuseme, kwa upande wetu wa Bahi, magharibi ya mji wa Dodoma, walihamishwa. Operesheni Dodoma ilianza mapema katika miaka ya 1970. Novemba 1973 Mwalimu Nyerere akatangaza kwamba kuishi katika vijiji vya ujamaa ni lazima kwa nchi nzima, kazi iwe imekamilika ifikapo 1976. Baba yangu alipandishwa lori akiwa na miaka mitano, amekaa juu ya gunia la mtama.

Nimepanga kwenda Jumamosi moja ya Agosti, kwa baiskeli, na kurudi siku hiyohiyo. Nilimuuliza kijana mmoja wa bodaboda, akataka jina la mahali. Nikamwambia jina, hakulijua. Akauliza, kwa upole kabisa, nani anaishi huko.

Kwa hiyo ni Phoenix ya jirani, nzito kama ng'ombe. Kutoka nyumbani kwa Bibi nakadiria kilomita 22, nusu yake ni mchanga wa korongo, ambako baiskeli hukupanda wewe. Miiba ya migunga ipo, basi nachukua tyubu mbili, viraka, gundi na pampu. Maji lita sita kwenye karia. Upepo wa Dodoma majira hayo hutoka mashariki, kwa hiyo utanisukuma asubuhi na kunidai deni lake mchana. Lazima niondoke saa 11 alfajiri.

Njia yenyewe ndiyo shida. Picha za setilaiti zinaonyesha mibuyu, lakini Dodoma nzima ina mibuyu. Tembe hazionekani. Nyumba ya paa la udongo ikikosa mtu wa kuikandika, mvua za miaka michache huirudisha ardhini. Ramani iliyobaki ni Bibi.

Tatizo ni kwamba baba mdogo alipata habari za safari kabla yake.

"Ukifika, piga pointi zote nne kwa simu," alisema. "Unajua ardhi Dodoma ina bei gani tangu serikali ihamie?"

Nasoma sheria ya ardhi katika shahada ya uzamili, nikamjibu kwa kifungu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, kifungu cha 15, inathibitisha ardhi waliyogawiwa watu vijijini kati ya 1 Januari 1970 na 31 Desemba 1977, na kuzima haki za waliokuwa nayo kabla. Kama mahame yetu yaligawiwa wengine wakati huo, pointi zangu ni picha tu. Alinisikiliza hadi mwisho, akasema nizipige hivyohivyo.

Bibi aliponiona na daftari aliuliza swali moja: "Unaandika kwa ajili yako au kwa ajili yake?"

Nikasema yangu. Hakuanza mara moja. Alimaliza kwanza kupepeta mtama wake, ungo mzima, ndipo akaniambia nifuate korongo mpaka liachane njia mbili, nishike mkono wa kushoto. Nitafute mbuyu wenye tundu ambamo mbuzi wawili walikuwa wakijificha mvua. Kutoka hapo nitafute minyaa, kwa kuwa uzio wa minyaa haufi watu wakiondoka, hunenepa. Ndani ya uzio kuna jiwe la kusagia. Lilikuwa zito, na yule kiongozi wa operesheni alisema lori si la mawe.

"Nikuletee picha yake?"

"Liangalie tu kama lipo."

Simu nitaibeba kwa ajili ya dharura, lakini pointi sipigi. Baba mdogo sijamwambia, na sidhani kama nitamwambia kabla sijarudi. Ana watoto watatu shuleni. Simwoni kuwa mtu wa tamaa. Ila njia hii niliombwa niitumie kwa namna fulani, na aliyeniomba ndiye mwenye njia.

Jana jioni Bibi alinipigia simu mwenyewe, jambo ambalo huwa halifanyi kwa sababu ya vocha. Alikuwa amesahau kitu. Baada ya minyaa, upande wa machweo, kuna makaburi, na mawili kati yake ni madogo.

"Hapo usipite umepanda. Shuka, uisukume."

Nimeongeza nusu saa kwenye ratiba.