Daktari au Fundi wa Kisima?

Wahenga walinena kuwa mchagua nazi hupata koroma. Hapa Lafey hatuna mnazi hata mmoja, lakini methali hii ilinijia usiku mmoja nilipompelekea baba chai. Alikuwa ameshika fomu yangu ya kuchagua masomo ya kidato cha tatu. "Aabo, wewe ni daktari," akasema. Hakuuliza, alisema tu.

Ndugu msomaji, kwetu mtoto akipata alama nzuri jibu ni hilo moja. Hakuna anayeuliza kama mtoto mwenyewe anaogopa damu. Mimi naogopa.

Mwalimu wetu wa ushauri alikuwa ametuandikia ubaoni. Ukipata C+ katika KCSE umefika mlango wa chuo kikuu, lakini ndani mna milango mingine. Kwa udaktari wanahesabu masomo manne: Baiolojia, Kemia, Hisabati au Fizikia, na Kiingereza au Kiswahili. Naam, Kiswahili chetu! Jumla ya juu kabisa ni pointi 48. Nafasi ni chache, waombaji ni wengi, kwa hiyo wenye pointi nyingi ndio huingia. Pointi za kozi basi ni kama bei ya maji wakati wa kiangazi. Bei haipandi kwa sababu maji yamekuwa matamu. Inapanda kwa sababu mitungi ni mingi.

Nikajiuliza, je, mlango mwembamba ndio wenye pesa? Mwaka wa 2024 madaktari waligoma siku 56. Serikali ilitaka kuwalipa madaktari wanagenzi shilingi 70,000 kwa mwezi, ilhali mkataba wa 2017 uliwapa zaidi ya 200,000. Lakini hata hizo 70,000 si haba. Binamu yangu ana digrii ya ualimu, naye alianza kama mwalimu mwanagenzi wa sekondari msingi kwa shilingi 20,000. Wote wawili walikesha na vitabu.

Halafu kuna adeer yangu. Alipata C- tu, akasomea diploma ya ufundi wa mitambo. Injini ya kisima ikifa, ng'ombe wanalia, akina mama wanapanga mitungi, na wazee wanampigia simu yeye. Siku hiyo hakuna anayemuuliza alipata gredi gani. Anataja bei na analipwa.

Nikamwambia baba, "Aabo, nataka Fizikia. Nataka kusomea uhandisi wa maji." Akanyamaza mpaka chai ikapoa. Alijua kwamba hatuna mwalimu wa Fizikia. Tangu basi liliposhambuliwa karibu na Mandera Novemba 2014, watu 28 wakauawa na walimu wakiwa miongoni mwao, walimu wengi wa kutoka mbali waliogopa kurudi huku. Mtihani lakini ni uleule wa Nairobi.

Mwishowe akasema, "Chukua hiyo Fizikia. Lakini Baiolojia usiiache." Akatia sahihi.

Sasa nina sayansi zote tatu, na ya Fizikia tunafundishana wenyewe chini ya mti baada ya adhuhuri. Pengine nitajuta. Wenzangu, siku ya kuchagua nanyi itawafikia. Ulizeni kozi ina pointi ngapi, ulizeni inalipa ngapi, kisha jiulizeni kama mnaogopa damu.