Uchovu wa Kukoma Hedhi, Pwani na Ughaibuni

Uchovu wa kukoma hedhi ni uchovu usioondoka kwa kulala. Mwanamke huamka nao, na ifikapo saa nne asubuhi, mahamri yameshauzwa na ua umeshafagiwa, miguu haimbebi tena na hesabu ya chenji inamponyoka. Huwapata wengi kati ya miaka 45 na 55. Kwa madaktari, hedhi imekoma pale miezi 12 inapopita mfululizo bila damu, lakini mwili hausubiri hesabu hiyo. Kuchoka huanza mapema, hata miaka kadhaa kabla, wakati damu bado inakuja na kuruka.

Chanzo kikubwa ni usingizi ulioharibika. Homoni ya estrojeni haipungui taratibu. Hupanda na kushuka ovyo, na sehemu ya ubongo inayopima joto la mwili huwa nyepesi kushtuka. Joto kidogo tu likizidi, mwili hujipoza kama uliokaa juani: mishipa ya ngozi hutanuka, moyo hudunda, jasho humiminika, kisha baridi. Hilo ndilo joto la ghafla. Likitokea usiku mara kwa mara, asubuhi huwa hakuna alicholala. Projesteroni nayo, ambayo husaidia kuleta usingizi, inapungua wakati huohuo.

Chanzo cha pili husahaulika. Katika miaka ya mwisho hedhi ya wengi huwa nzito na ndefu, ikimaliza madini ya chuma mwilini. Anayepanda ngazi moja akihema huenda hana uzee wowote: amepungukiwa damu.

Uingereza, waliko baadhi ya wanawake wa Pwani ya Kenya, jambo hili limepewa nafasi yake. Mwongozo wa NICE, taasisi inayotoa miongozo ya tiba huko, uliotolewa 2015 na kurekebishwa 2024, unamruhusu daktari kutambua hali hii kwa mwanamke aliyepita miaka 45 kwa kumsikiliza tu, bila kumpima homoni. Tangu Aprili 2023, wanaoishi England wanaweza kulipia tiba ya homoni mara moja kwa mwaka, kwa kiasi kinacholingana na ada ya dawa mbili tu. Waajiri nao walielekezwa mwaka 2024 kwamba dalili zikiwa nzito, zikamzuia mtu shughuli zake kwa muda mrefu, zinaweza kuhesabiwa kuwa ulemavu chini ya Sheria ya Usawa ya 2010. Feni mezani na zamu iliyosogezwa si hisani ya bosi tena.

Hata hivyo, mwangalizi wa wazee kutoka Malindi hukutana na joto palepale alipokimbilia baridi. Nyumba za wazee hupashwa moto usiku kucha, madirisha yamefungwa, naye amevaa aproni ya plastiki na glavu, akimgeuza mgonjwa kitandani. Joto la ghafla likimjia hana pa kulipeleka. Akitoka alfajiri kuna theluji, na akilala mchana kuna mwanga. Anayejisitiri kwa buibui katika nchi yenye jua haba ana hatari nyingine ya kuchoka, upungufu wa vitamini D. Serikali ya Uingereza hushauri watu weusi na wanaofunika miili yao wameze mikrogramu 10 kila siku, mwaka mzima.

Nyumbani Pwani majibu yanajulikana: malaria, presha, husuda ya jirani, au “ni umri, mama”. Muuza mahamri mmoja wa Muyeye, Malindi, alikunywa dawa za malaria kila alipolalamika, mpaka mwanawe aliye Leicester, England, alipomsihi kwa simu aombe kupimwa kiwango cha damu. Kilikuwa chini sana. Malaria ipo Kilifi na ipimwe, lakini kipimo kikionyesha hamna, maswali hayajaisha. Inabaki kuuliza habari za hedhi, kupima damu, kisukari na tezi ya thairoidi iliyo shingoni, ambayo ikilegea huleta uchovu, unene na usahaulifu unaofanana kabisa na huu. Kukoroma na kukatikiwa pumzi usingizini pia huongezeka baada ya hedhi kukoma.

Kinachouma ni kwamba mwanamke huyu haonekani vizuri hata kwenye takwimu. Utafiti wa kitaifa wa Demografia na Afya wa Kenya, ukiwemo ule wa 2022, huwahoji wanawake wa miaka 15 hadi 49. Kliniki humpa vidonge vya madini ya chuma akiwa mjamzito. Akifunga uzazi, foleni yake imekwisha. Kumwambia “itapita” hakutoshi. Utafiti wa SWAN wa Marekani, uliowafuata wanawake kwa miaka mingi tangu miaka ya 1990, ulikuta joto la ghafla hudumu zaidi ya miaka saba kwa kawaida, na kwa wanawake weusi takriban kumi.

Hali ya hewa ya Pwani huongeza mzigo. Msimu wa kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, nyumba yenye paa la mabati hubaki na joto hadi usiku, na wengi huacha godoro wakalala kwenye sakafu ya saruji wakiwa na leso iliyolowa maji. Hiyo ni akili, si aibu. Makuti hupitisha hewa vizuri zaidi, leso ya pamba hunyonya jasho kuliko nguo ya nailoni, na kuoga maji ya baridi kabla ya kulala husaidia. Na Pwani ina hazina ambayo England haina: kulala baada ya adhuhuri bila mtu kuuliza. Nusu saa inatosha. Hadi alasiri ni kuiba usingizi wa usiku.

Kwa chakula, dawa ya damu iko sokoni. Mbaazi, kunde, mchicha, dagaa na maini vina madini ya chuma, na ndimu ikikamuliwa juu yake mwili huyapokea vizuri zaidi. Chai ndiyo huyazuia, na Pwani chai na mbaazi hazitengani. Ingojee saa nzima baada ya kula, na jioni iachwe, maana huchelewesha usingizi.

Ushauri wa mazoezi unahitaji busara. Unamfaa anayeshinda kitini London. Anayebeba jerikeni la lita 20 kutoka kioski cha maji anahitaji mtu wa kumpokea, na watoto wakubwa wapo.

Tiba ya homoni hutibu hasa joto la ghafla, na usingizi ukirudi, nguvu hurudi. Iliogopwa tangu sehemu ya utafiti mwingine mkubwa wa Marekani iliposimamishwa 2002 kwa sababu ya saratani ya matiti, lakini wengi wa waliochunguzwa walikuwa na miaka zaidi ya 60. Leo wataalamu wanaona kwamba kwa aliye chini ya umri huo, au ambaye hajapitisha miaka kumi tangu hedhi kukoma, faida kwa kawaida huzidi madhara, isipokuwa ana historia ya saratani ya matiti, damu kuganda au ugonjwa wa ini.

Sasa jeli za estrojeni zinasafiri kwenye masanduku, zawadi ya dada kwa dada. Upendo ni wa kweli na hatari ni ya kweli. Estrojeni peke yake hunenepesha ukuta wa mfuko wa uzazi, na mwanamke ambaye mfuko wake haujatolewa lazima aitumie pamoja na projesteroni, kwa mkono wa daktari aliyempima presha na matiti. Na damu ikirudi baada ya mwaka mzima wa kukatika, hata tone, si hedhi iliyorejea. Ni ya kufikishwa hospitali upesi, awe Malindi au Leicester, kwa kuwa inaweza kuwa dalili ya saratani ya mfuko wa uzazi.