Amana Iliyo Mkononi mwa Fundi

Ajali ikitokea, neno la kwanza midomoni mwetu ni kadari. Neno hilo ni la kweli, wala mwenye imani halikanushi. Lakini si haki kulifanya pazia la kufichia uzembe wa mikono yetu.

Nimesomesha watoto Kasulu kwa miaka mingi, na njia ya Kibondo naijua kwa mashaka yake: vilima, vumbi la kiangazi na utelezi wa masika. Safari moja tulikuwa Kibondo tukingoja basi litengenezwe. Fundi alifungua breki akazifunga, na mkononi mwake ikabaki nati moja. Alipoulizwa ni ya wapi, akacheka, akasema, "Gari litakwenda tu." Mzee mmoja Muha, mkulima wa maharage, akashusha mzigo wake. "Kwenda litakwenda," akasema, "mimi nauliza litasimamaje." Sote tukashuka, na basi halikuondoka mpaka nati ile ilipopata mahali pake.

Sisi tuliiona nati kwa macho yetu, na tukaweza kushuka. Abiria wa ndege hana njia ya kuiona, na akiisha kupaa hana pa kushukia. Roho yake ameiweka amana kwa mtu asiyemjua hata kwa jina.

Tarehe 18 Aprili, 1972, ndege ya Shirika la Ndege la Afrika Mashariki, aina ya Super VC10, ilikuwa ikiondoka Addis Ababa kuelekea Roma na London. Shirika hilo, lililovunjika mwaka 1977, lilikuwa mali ya Tanzania, Kenya na Uganda. Ndege ilipokuwa ikikimbia ili ipae, gurudumu la mbele lilikanyaga kipande cha chuma kilichodondoka kutoka katika ndege ndogo, mpira ukapasuka. Rubani akafanya kama alivyofunzwa: akaacha kupaa, akashika breki. Breki hazikumtosha. Ndege ikapita mwisho wa njia yake, ikaporomoka, ikawaka moto. Katika watu 107 waliokuwamo, 43 walikufa. Uchunguzi ulionyesha kwamba sehemu ya breki hizo ilikuwa imefunguliwa na kuunganishwa tena vibaya.

Angalieni jinsi uzembe unavyojificha. Breki mbovu haimsumbui mtu anapokwenda; humfedhehesha siku anapotaka kusimama.

Khabari ya pili ni ya Jidda, tarehe 11 Julai, 1991. Mahujaji wa Nigeria walipanda ndege ya kampuni moja ya Kanada kurudi kwao Sokoto. Mipira miwili ya magurudumu ilikuwa na upepo pungufu. Mafundi walikuwa wakilijua jambo hilo, lakini mipira haikujazwa, kwa kuchelea kuchelewesha safari. Ndege ilipokwenda mwendo mrefu chini, mipira ikapata moto, ikapasuka, ikaanza kuwaka. Magurudumu yalipokunjwa baada ya kupaa, moto ukaingia nao tumboni mwa ndege. Watu wote 261 walikufa.

Kosa la Addis Ababa lilikuwa la mkono. La Jidda lilikuwa zito zaidi, kwa kuwa waliojua walishindwa na haraka. Na haraka hiyo haitoki kwa wakubwa wa kampuni peke yao. Sisi abiria pia tuna fungu letu. Tukiambiwa ndege haijawa tayari, tunapiga kelele na kutukana, kana kwamba tumedhulumiwa.

Basi, enyi wazazi mnaopeleka vijana kujifunza ufundi, wafundisheni kusema "bado" mbele ya mkubwa anayesema "haya, twende". Wafundisheni kutoandika katika daftari kazi wasiyoifanya. Nasi tukicheleweshwa kwa ajili ya matengenezo, tusubiri na tushukuru. Kadari tutaikubali baada ya kutimiza wajibu wetu.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliotangulia, na awape mafundi wetu macho ya kuona na ujasiri wa kusema.