Kamba Mguuni

Mgeni akifika Olkaria mara ya kwanza huuliza nani ameacha yai viza. Sisi tuliokulia pale hatuisikii tena harufu hiyo ya mvuke. Mama aliisikia siku aliyoshuka kwenye basi mwaka wa 1991, akainamia kapu lake kwa hofu. Alikuwa ametoka Kakamega na mtetea mmoja na mayai tisa yaliyoviringishwa kwenye leso, akadhani yameharibika njiani. Baba alikuwa kibarua kwenye visima vya mvuke, ambako mtambo wa kwanza ulianza kutoa umeme mwaka wa 1981.

Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na kwa Mama methali hiyo ilikuwa kazi ya kufanywa. Mtetea alifungwa siku nne. Alipofunguliwa alikwishajua kwake ni wapi, akaenda kuoga vumbi chini ya leleshwa kama aliyeanguliwa hapo. Hakuwa na jina la uzao. Alikuwa mwekundu mwenye shingo nyeusi, mwepesi wa kuruka mtini akimwona kicheche. Alitaga mayai 12 au 13, akakoma, akaatamia siku 21, kisha akalea. Kwa mwaka alirudia hivyo mara tatu. Tuliishi naye miaka saba.

Lakini nisimpambe mno. Kiangazi kilipokuja na kideri, ukoo mzima ulisombwa. Asubuhi unamkuta kuku kapinda shingo, kinyesi kijani. Kufika Jumapili banda liko kimya. Mama alitia pilipili na mshubiri kwenye maji, na nadhani dawa hiyo ilimtuliza yeye kuliko kuku. Mwaka mmoja alisalia mtetea yule na kifaranga mmoja tu. Watu husema kuku wa kienyeji haugui. Wanawahesabu walio uani. Waliofukiwa nyuma ya nyumba hawahesabiwi.

Nilipopata kazi kwenye shamba la maua mwaka wa 2006, mshahara wa kwanza ulininunulia vifaranga 50 wa gredi, Isa Brown, uzao uliotoka Ufaransa. Walikuja kwenye katoni yenye matundu. Baridi ya usiku ya Olkaria haina mchezo, nikakesha nao na jiko la makaa. Walipoanza kutaga, nilijiona tajiri: kuku wa aina hiyo hukaribia mayai 300 kwa mwaka. Mama alichungulia bandani, akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwanangu, hawa wanataga kama wanaodaiwa."

Na kweli walidaiwa. Ganda la yai moja hula takribani gramu 2 za kalsiamu, na chakula kisipozileta, kuku huzichota kwenye mifupa yake. Mwaka wa pili wengine walishindwa kusimama, wengine kizazi kikatoka nje. Niliobaki nao niliwauza kwa wenye vibanda vya chakula mjini Naivasha. Hakuna aliyefikisha miaka mitatu.

Baadaye nikahamia kienyeji kilichoboreshwa, kile kilichotoka kwa watafiti wa kilimo wa KARI, ambayo leo ni KALRO, hapo Naivasha. Hao walikuwa wagumu zaidi, na mayai yao hayakuwa haba. Ila kuatamia hawakutaka. Si ajabu: kuku anayeatamia hatagi, kwa hiyo anayetafuta mayai mengi huwachagua wasioatamia. Kila kizazi kilipokwisha nilirudi kununua vifaranga.

Hata hivyo, walikuja na ratiba ya chanjo: Marek siku ya kwanza, kisha Gumboro, kideri, ndui. Ya kideri niliyozoea ni tone moja jichoni, kila baada ya miezi 3. Kwa kuwa chupa ikifunguliwa haiwekwi, matone yaliyozidi niliwapa wale wa Mama. Ndipo nilipoona, kwa mara ya kwanza, kuku wa kienyeji wengi wakizeeka pamoja. Maisha marefu yalikuwamo ndani yao siku zote. Kideri ndicho hakikuwapa nafasi ya kuyaonyesha.

Sasa sichagui kwa wingi wa mayai. Namtazama koo aliyevuka miaka mitatu, miguu imara, na bado anaatamia na kulea. Mayai yake ndiyo ninayotia alama ya mkaa na kuyaweka yaanguliwe. Jogoo simwachi apande binti zake. Hubadilishana majogoo, na hilo si jambo geni: kuanzia mwaka wa 1976 serikali, ikisaidiwa na Uholanzi, iliwapa wafugaji majogoo wa kigeni wakatoa wao wa kienyeji. Mabadilishano yangu ni madogo zaidi: natoa jogoo wangu, napokea wa jirani yangu Mmaasai, ninayemwita Yeyo kama wanawe wanavyomwita. Ananiambia kwao zamani kuku alikuwa ndege tu, si kitoweo. Leo ana 20, na anamjua kila mmoja mama yake ni nani.

Jogoo wa mwisho aliyenipa nilimfunga kamba kama nilivyofundishwa. Mama, ambaye sasa hutembea kwa mkongojo, alikuja kukagua fundo. Akainama polepole, akalilegeza.

"Usimkaze hivyo," akasema. "Huyu tunataka akae."